Mafaili ya Uzi wa Sweta

Resti aliponipigia simu sikuitambua sauti yake. Haikuwa ajabu, maana hatukuwa tumezungumza kwa miaka mingi kuliko aliyoishi dada yake. "Da Yusta," alisema, "mama amefariki. Tunazika Jumamosi, huku huku nyumbani, kihambani. Ila wewe uje Ijumaa." Hakulia, wala hakungoja nimpe pole. Alikata simu, akaniacha nimesimama katikati ya makabati ya masijala, mahali ninapofanya kazi tangu ujana wangu, nikipanga majalada ya watu wengine na kuwagombeza vijana wanaoyarudisha pasipo pake. Ofisini wananiogopa kwa mdomo wangu. Wanasema Mama Yusta hata akifumba macho anajua karatasi gani iko wapi. Ni kweli, lakini hawajui nilijifunza kwa nani. Nilijifunza kwa Filomena, dada yake Resti, ambaye sote tulimwita Mena. Nilipanga naye chumba kimoja tulipokuwa kidato cha nne, na mwaka huo huo akafariki. Baada ya kifo chake nilimfanyia mama yake jambo moja baya, na jambo hilo tulilijua watu wawili tu duniani, mimi na Resti.

Ya nyumbani kwetu nayaacha. Yalikuwa kama ya nyumba yoyote ya Kibosho: migomba, kahawa, misa ya kwanza na fimbo. Ninayoyasimulia ni ya mwaka mmoja tu, na mengi yake yalitokea ndani ya chumba kimoja cha Pasua, mtaa wa mjini Moshi. Shule yetu haikuwa na bweni, na kutoka Kibosho hadi mjini kwa miguu, kwa barabara ile ya mawe, ulikuwa mwendo wa kumchosha mtu kabla hajaona ubao. Kwa hiyo wazazi wetu walikubaliana tupange kwa Bi Zuhura, mama mmoja mjane aliyekuwa anauza mitumba. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza moja iliyokosa mguu tukaiwekea tofali, na dirisha lililotazama uani. Jumapili jioni tulishuka kutoka mlimani kila mmoja na mkungu wake kichwani na maharage kwenye mfuko, na juma zima tulikula kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, mpaka Bi Zuhura akawa anatusema kupitia dirishani: "Nyie Wachaga nyie, siku moja mtaota migomba tumboni!" Mena alikuwa akimjibu, "Bibi, ikiota tutakukatia mkungu wa kwanza." Mimi nilinuna. Sikupenda kutaniwa, na mpaka leo sipendi.

Miaka ile maduka ya Moshi yalikuwa yameanza kujaa tena. Sabuni ilirudi, sukari ilirudi, na watu walianza kuvaa nguo zinazowatosha. Lakini daftari lilikuwa bado ni kitu cha kutafutwa, na vitabu shuleni vilikuwa vitatu kwa darasa zima, vyote mikononi mwa mwalimu. Ulichokuwa nacho ni notisi ulizonakili ubaoni. Ukikosa kunakili, umekosa. Mimi na Mena tuligawana masomo ili kubana karatasi. Yeye aliandika Biolojia, Kemia, Fizikia na Hisabati. Mimi niliandika Historia, Jiografia, Kiswahili na Siasa. Mmoja akiandika, mwenzake anasikiliza na kuuliza maswali, kisha jioni anamweleza aliyekuwa anaandika yale aliyoyakosa kwa kuinamisha kichwa. Walimu walituona wavivu. Haukuwa uvivu hata kidogo. Sijawahi kusoma kwa akili namna ile kabla ya hapo wala baadaye.

Kupanga notisi tulikuiga kwa Bi Zuhura, au niseme Mena ndiye aliyeiga. Kila belo jipya la mitumba lilipofika, Bi Zuhura alilimwaga mkekani uani na kuchambua huku akizungumza na wateja wake. Alikuwa na mafungu matatu: ya kutundika, ya kukunja na ya kumwaga. Nguo nzuri zilitundikwa, za wastani zikakunjwa, na zilizochoka zilimwagwa chini watu wajichagulie. Mena alikaa dirishani siku moja akitazama, sahani ya kiburu ikimpolea magotini, halafu akageuka akasema, "Yusta, sisi tunasoma kijinga." Akachukua daftari lake la Biolojia, akang'oa pini za katikati na kuanza kuzitenganisha kurasa. Nilipiga kelele kana kwamba amemchinja mtu.

"Unaharibu daftari! Mwalimu alifundisha kwa mpango wake!"

"Mwalimu alifundisha kadiri chaki ilivyokuwepo," alisema. "Mtihani hauulizi hivyo."

Alikesha siku nyingi za mwisho wa juma akilinganisha notisi na maswali ya miaka iliyopita, ambayo kaka mmoja wa kidato cha sita alituazima. Mambo yanayoulizwa kila mwaka aliyaita ya kutundika, na kweli aliyatundika, kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda. Yanayoulizwa mara moja moja yalikuwa ya kukunja. Yaliyobaki yalikuwa ya kumwaga, nayo yalilala chini ya godoro. Mafaili aliyashona mwenyewe kwa karatasi ya mifuko ya simenti tuliyoiokota palipokuwa panajengwa nyumba, akakung'uta vumbi lake mpaka tukapiga chafya kutwa. Uzi ulitoka kwenye sweta la mama yake, sweta la mistari lililotoboka viwiko. Nilikuwepo siku mama yule alipolifumua. Alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake Kibosho, akivuta uzi taratibu na kuuzungushia vidole, na kila rangi ilipokwisha aliuliza, "Na hii ya somo gani?" Mena alimjibu: kijani ya Biolojia, nyekundu ya Kemia, buluu ya Jiografia. Mama Mena hakujua kusoma hata jina lake, lakini rangi zile alizishika zote.

Lazima niseme na upande wangu. Nilimpenda Mena, na nilimwonea wivu. Siku moja nilikuwa nimelala kwa homa, Bi Zuhura akiongea na mteja nje ya dirisha bila kujua nipo. "Yule mrefu ndiye mwenye kichwa," alisema. "Yule mfupi anafuata nyuma tu." Mfupi ni mimi. Sikumwambia Mena. Nilianza tu kuyahesabu mafaili yale kama kitu ambacho ningepaswa kuwa nacho mimi, kwa sababu mwenye kichwa angefaulu hata bila hayo.

Ilikuwa mwezi wa tisa, yamebaki majuma sita kabla ya mtihani. Jumanne Mena alirudi kutoka shuleni akilalamika kichwa. Jumatano hakuweza kugeuza shingo. Bi Zuhura alipomwona alivaa baibui lake, tukamshika huku na huku mpaka hospitali. Mama yake alishuka siku ile ile na kulala sakafuni kando ya kitanda, kwenye kanga. Alhamisi Mena alifungua macho akanitazama kwa shida. "Usichanganye ya kijani na nyekundu," alisema. Nikamwambia sitachanganya. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na nimeyachukia kwa sababu hayakuwa na kuagana ndani yake. Alidhani anarudi. Ijumaa asubuhi nilifika na uji kwenye chupa, nikamkuta mama yake amesimama nje ukutani, mikono imemning'inia, na mwuguzi mmoja akimwambia akae chini. Nilijua kabla sijafika.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba. Tranka lake na vitu vyote vya chumbani baba yake mdogo alikuwa ameshavifuata Pasua, na pamoja na vitu hivyo yakaondoka mafaili yote, ya kwake na ya kwangu. Siku ya kumaliza msiba, kama ilivyo desturi, ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu. Msichana wa shule ana vitu gani? Sare mbili, gauni la kanisani, blanketi, viatu. Shangazi alichukua hiki, binamu kile, na kila kitu kilipotolewa baba mdogo aliuliza kwa sauti kama kuna mwenye neno, kwa sababu kitu cha marehemu kikishagawiwa mbele ya watu hakigeuzwi tena. Kisha akayainua mafaili. "Na haya makaratasi?" Mtu akasema apewe Resti, yuko kidato cha kwanza, yatamfaa. Watu wakaitikia. Resti alikuwa amekaa kwenye majani ya migomba, kichwa kimenyolewa, akanyoosha mikono.

Ningeweza kusema nusu ya kazi ile ni yangu. Ningeweza kuomba niazimwe mpaka mtihani upite. Hakuna mtu hata mmoja pale angenikatalia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini niliona mikono ya yule mtoto, na nikamwona baba mdogo ameshaanza kumpa, nikaingiwa na woga kama wa mtu anayezama. Nikasimama. "Baba mdogo, hayo ni yangu," nikasema. "Yote. Mimi nilikuwa namwazima Mena tu."

Baba mdogo alimgeukia mama yake Mena. Alikuwa amekaa ukutani na wanawake wengine, na mafaili yalikuwa mbele ya macho yake, kijani, nyekundu, buluu, uzi wa sweta lake mwenyewe. Alinitazama kwa muda. Sikuweza kumtazama mimi. "Mpeni mtoto vitu vyake," akasema. Alinyanyuka mwenyewe, akayatia kwenye kikapu na kuyafunika kwa kitambaa yasipate mvua, akanipa. Resti aliirudisha mikono yake magotini.

Nilirudi Pasua peke yangu. Wanafunzi wenzangu walikuja kuazima notisi, na wa kwanza kufungua faili la Biolojia akasema, "Lakini hizi si za marehemu? Huu si mwandiko wako." Mwandiko wa Mena ulilalia kushoto, herufi ndefu nyembamba, wangu umesimama na umenenepa. Nikamnyang'anya. Jioni ile nilichukua daftari jipya, nikaanza kunakili ukurasa mmoja mmoja, Biolojia yote, kisha Kemia, Fizikia na Hisabati. Nilijiambia kunakili ndiko kusoma, na kwa kweli niliyakariri yote. Nilijiambia pia kwamba siwezi kukaa chumba kimoja na mwandiko ule, kwa kuwa kila nilipougeukia nilimwona ameinama mezani akilamba penseli. Hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini sababu kubwa ni kwamba nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba ni yangu, na nilitaka yawe yangu. Kila ukurasa niliomaliza kuunakili niliukunja na kuuwashia mkaa wa chai. Karatasi ya daftari inawaka vizuri. Bi Zuhura alinikuta uani nikipuliza jiko.

"Mbona unaunguza maandishi?"

"Nimeshanakili, Bibi. Ni machakavu."

"Si ungempelekea mama yake?"

"Mama yake hajui kusoma," nikasema.

Bi Zuhura alirudi ndani, na tangu siku hiyo hakututania tena, maana hapakuwa na "sisi" wa kutaniwa. Mpaka mtihani unaanza nilikuwa nimemaliza. Mafaili yalikuwa yale yale, kijani, nyekundu, buluu. Ndani yake hapakuwa na mstari mmoja ulioandikwa na Mena.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa Kibosho kwa Noeli. Baada ya misa Mama Mena alinishika mkono nje ya kanisa. Alikuwa amekonda, mabega yake yamekuwa kama ya mtoto. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaitikia na kunivuta pembeni.

"Mwanangu, nina shida moja," alisema. "Sina picha ya Mena. Hakuwahi kupigwa hata moja. Na madaftari yake ya zamani tulishayafungia chumvi, mengine tumewashia moto, sikujua. Ninataka karatasi moja tu. Aliyoiandika yeye, kwa mkono wake. Najua alikuwa anakuandikia humo kwenye yale mafaili yako."

Alisema "mafaili yako" bila kejeli. Ningekuwa mtu, ningepiga magoti pale pale kwenye changarawe. Nilimwambia nitamletea kesho.

Kesho yake nilifungua faili la uzi wa kijani, nikatoa ukurasa. Ulikuwa wa moyo na mzunguko wa damu, na mchoro wake nilioutia rangi. Nilimkuta jikoni, moshi umejaa, anachochea chungu cha mtori wa ndizi. Alifuta mikono kwenye kanga mara mbili kabla hajaipokea. Alipitisha kidole kwenye kila mstari kutoka juu hadi chini, polepole, kama anayehesabu. "Hapa ameandika nini?" Notisi zilikuwa za Kiingereza, nikamtafsiria: moyo una vyumba vinne, damu huingia upande huu, ikaenda mapafuni, ikarudi, ikasukumwa mwili mzima. "Alikuwa anayajua yote haya?" aliuliza. Nikasema ndiyo mama, aliyajua. Hapo tu sikumdanganya. Akaniomba nisome tena tangu mwanzo, nikasoma tena, na machozi yakimdondoka alikuwa akiisogeza karatasi mbali isije ikalowa.

Resti aliingia na mzigo wa majani ya ng'ombe. Mama yake akamwita. "Njoo uone mkono wa dada yako." Nilisahau, au nilijifanya nimesahau, kwamba mtoto huyu alifundishwa kuandika na Mena, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani. Aliishika karatasi. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nilisikia mtori unachemka.

"Si wenyewe?" mama yake aliuliza.

"Ndiyo, mama," Resti akasema. "Ni wa Mena."

Alinisindikiza hadi kwenye mfereji. Hapo akasimama. "Ziko wapi za kwake?" Nikamwambia nimezichoma. Alikuwa na miaka kumi na minne, na sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima. "Basi usimwambie," alisema. "Atakufa." Aligeuka akarudi kwao.

Matokeo yalipotoka nilifaulu vizuri, Biolojia kuliko yote. Mafaili niliyapeleka Kibosho mwenyewe nikayaweka mlangoni kwa Resti. Nilisikia baadaye hakuyafungua. Alipofika kidato cha nne alifeli. Aliolewa, akang'oa kahawa ya mumewe na kulima nyanya, akasomesha watoto wake kwa nyanya hizo. Sisemi alifeli kwa sababu yangu. Ninasema alikuwa amepewa kitu mbele ya watu wote, mikono yake ameshainyoosha, nikakichukua.

Ijumaa ile nilifika saa tisa mchana. Nyumba ilikuwa imejaa ndugu, wanawake wanamenya ndizi nje, na mwili ulikuwa umeshaletwa. Nilimkuta Resti amesimama mlangoni pa chumba cha mama yake. Nywele zake zina mvi nyingi kuliko zangu. Aliwatoa watu kidogo, akafunga mlango, tukabaki sisi na jeneza lililo wazi. Mama alikuwa mdogo sana ndani yake, rozari imezungushwa kwenye vidole. Resti akatoa kitabu cha sala, na katikati ya kitabu akatoa karatasi. Ilikuwa ya kahawia kwa moshi, imechakaa kwenye mikunjo, imeshonwa kwa uzi mahali ilipotaka kuachana. Ulikuwa mwandiko wangu, wa utoto wangu, umesimama na umenenepa.

"Ameacha neno azikwe nayo," Resti alisema. "Alikuwa anaitoa kila Jumapili, ananiambia nimsomee. Nimemsomea miaka yote hiyo, nikimwambia ni ya Mena. Mimi nimechoka, Da Yusta. Leo sema wewe. Iwekwe au isiwekwe?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kukiri. Nilikuwa na maneno yangu tayari, hata mbele ya ukoo ningesimama. Nilimtazama mama yule, nikatazama karatasi, na nikajua kwamba ikibaki nje mtu mwingine ataishika, aisome na kuutambua mwandiko wangu.

"Iweke," nikasema.

"Nilijua utasema hivyo."

Aliiingiza chini ya mikono ya mama yake, upande wenye maandishi ukiwa umelala chini, akanyoosha rozari juu yake, kisha akaenda kuwafungulia watu mlango.